Tangazo Nililokalia Siku Moja

Jumatatu, tarehe 4 mwezi wa tisa

Nimesoma matangazo ya redio ya saa sita na nusu, kama kawaida. Vifo vitatu. Ndama amepotea. Mtu amesahau gunia la samaki kwenye gari lililotoka Kyavinyonge, anaomba aliyelichukua alirudishe kabla halijaoza. Hapo nimecheka kwenye mikro. Direktere, mkuu wa redio yetu, hakupenda.

Butembo nzima inangoja Alhamisi. Siku hiyo Dokta Katembo atasimama Beni kutangaza kwamba anagombea urais. Sijasikia mtu akisema "labda". Ndiye daktari wa upasuaji aliyebaki hospitalini Beni wenzake walipohama, na miaka mitano sasa ni mbunge wetu bila kuacha kupasua. Akina mama wa soko wameshona vitambaa vya kichwa vya rangi moja. Hata wapinzani wake siku hizi wanaongea kwa sauti ya chini.

Kaka yangu Mumbere yuko Eringeti tangu Jumamosi, anakusanya watu wa kwenda Beni kumsikiliza. Mwezi wa sita aliacha kufundisha hesabu kwa ajili ya kampeni hii. Mama anasema akili imemruka. Mimi sijamwona akiamini kitu tangu mke wake afariki, kwa hiyo nimenyamaza.

Jumanne, tarehe 5

Saa nne asubuhi muuguzi kutoka Beni ameniletea bahasha redioni. Ameniomba niifungue peke yangu. Karatasi mbili. Moja ya kusoma hewani. Nyingine ya kwangu.

Dokta hagombei.

Nimesoma mara tatu. Mwandiko ni wake. Kwenye karatasi yangu anaomba tangazo lisitoke kabla ya kesho saa sita ya mchana, maana anataka wakubwa wa chama walioko Kinshasa walisikie kwanza kutoka kwake. Sababu hakuandika. Ameandika: Mama Masika, nakuamini.

Miaka kumi na moja kwenye mikro. Sijawahi kutoa tangazo kabla ya saa yake. Watu hutuletea vifo kabla ndugu wengine hawajajua, na sisi tunafunga mdomo mpaka wenye msiba waseme sasa. Ndiyo kazi yenyewe. Nimeifungia bahasha kwenye droo. Direktere mwenyewe sikumwonyesha.

Saa kumi Mumbere amepiga simu. Magari mawili yamejaa. Wanatoka kesho saa moja asubuhi, walale Beni usiku mmoja, Alhamisi wawe mstari wa mbele. Sauti yake ilikuwa ya kijana wa miaka ishirini. Ameuliza kama redio yetu itakuwepo. Nikasema ndiyo. Nikasema mwende polepole.

Njia ya Eringeti kila mtu anaijua: watu wenye silaha huvizia magari. Ningeweza kumwambia. Tumeongea dakika nne nzima.

Jumatano, tarehe 6

Nimesoma. Nilipofika "baada ya kutafakari sana, sitagombea", fundi mitambo nyuma ya kioo aliinua kichwa kama mtu aliyeitwa jina. Nimerudia mara ya pili, kama tunavyorudia vifo.

Kisha simu. Wa kwanza alipumua tu, akakata. Wa pili, mama wa soko: "Bamemununua. Batuambiye ni nani." Mwingine: ni mugonjwa. Mwingine: bamemutisha. Halafu mzee mmoja wa Lubero, muuza viazi, sauti yake haina haraka: "Mutu akisema hapana, tumuachiye hapana yake. Juu ya nini tunapenda tu benye kusema ndiyo?" Waliofuata wamemtukana mzee huyo saa nzima.

Kabla ya saa nane mtu wa kandida mmoja, mgombea mwingine wa urais, alikuwa mlangoni kwetu. Suti, karatasi tayari imepigwa mashine. Anamwita Dokta mzalendo mkubwa na anawakaribisha wafuasi wake wote bila ubaguzi. Wiki iliyopita, kwenye mikro hii hii, alimwita mpiga sindano asiyejua siasa. Nimeisoma karatasi yake. Ni kazi.

Watu wa kandida mwingine wamepita kwa pikipiki, wanapiga honi, wanaimba kama waliokwisha kushinda. Vijana wa Dokta wamewarushia mawe. Jiwe moja limevunja dirisha letu la mapokezi, na sijui lilitoka upande gani. Kuna wanaosema redio imezusha.

Hayo yote nimeyasikia kwa sikio moja. Simu ya Mumbere haipatikani tangu saa tatu asubuhi. Saa tisa habari imetufikia: risasi kwenye njia, kusini ya Eringeti. Barabara imefungwa.

Ningesema jana, wangelala nyumbani kwao.

Alhamisi, tarehe 7

Hakuna habari. Mama ameuliza kwa nini Mumbere hapigi simu. Nimemwambia betri imeisha. Ameniangalia, kisha amechukua rozari na kukaa karibu na redio. Anajua nikisema uongo. Alinilea.

Nimesoma matangazo vibaya. Nimeruka kifo kimoja, familia imekuja kulalamika. Nimewaomba msamaha. Wana haki.

Saa nane amepiga Ramazani, dereva wa gari la kwanza kati ya yale mawili. Ni Muislamu wa Beni, anaendesha njia ile tangu ujana wake. Ameongea taratibu, kama mtu anayeshusha mzigo wa mayai. Gari lake lilipita. La Mumbere lilipigwa risasi magurudumu. Watu wameruka na kuingia mashamba ya kakao.

"Nilibaona bakikimbia, mama. Sikubahesabu. Hata mi nilikuwa nakimbia."

Nimekaa na simu mkononi. Direktere ameniambia niende nyumbani. Nyumbani kuna Mama. Nimekataa.

Saa kumi na moja jioni: wametolewa. Wanajeshi wamewakuta wamelala kati ya miti, usiku na mchana bila maji. Wote hai. Mwanamke mmoja ana risasi pajani. Mumbere hana jeraha. Nimelia chooni pale redioni, nimenawa uso, nimesoma habari za jioni.

Ijumaa, tarehe 8

Beni. Nimefika hospitalini saa tano. Mumbere alikuwa kwenye benchi nje ya chumba cha wagonjwa, suruali imekauka matope, midomo imepasuka. Amesimama kunikumbatia. Nimemzuia kwanza. Nilijua akinikumbatia sitasema tena.

"Yaya, kaka yangu, bahasha nilikuwa nayo tangu Jumanne."

"Saa ngapi?"

"Saa ine ya asubuhi."

"Mi nilikupigia saa kumi."

"Ndiyo."

Amechukua kofia yake kwenye benchi na kutoka nje. Nimemwona kupitia dirisha akivuka kiwanja, hakugeuka. Nimeogopa kumfuata.

Aliyeumia anaitwa Kavugho. Analima kakao Eringeti, mtu mzima, amezidi hamsini. Dokta mwenyewe ndiye aliyemtoa risasi jana jioni. Nimemwuliza kama anamkasirikia Dokta.

"Ameshona mugulu yangu muzuri. Na nina hasira naye. Ile yote mbili."

Nikauliza hasira ya nini hasa, ya kutogombea? Akatikisa kichwa. Hapana. "Kukataa, mutu anaweza kukataa. Lakini wakati ya kukubali, alikuja kutuomba kura Eringeti, tulimupa na muhogo. Kukataa kwake tunasikia ku redio. Akuje atuambiye yeye mwenyewe. Hatutamukula."

Nimemwambia na yangu. Kwamba mimi ndiye redio. Kwamba nilijua. Amefumba macho. Kisha akaniomba nimsogezee mto chini ya goti. Nimeusogeza.

Dokta nimemkuta kwenye ofisi yake ndogo, anafuta mikono. Amekonda. Nilikuja na hasira nimeipanga vizuri, maneno yote kwa mstari. Nikaanza na swali: kwa nini?

"Kila mahali ninapopita batu banasema nitasimamisha vita," akasema. "Hawaulizi kitu kingine. Bamama banabeba batoto wao kunionyesha. Mimi najua siwezi, Mama Masika. Nikisimama, itanibidi niongope kila siku mpaka siku ya kura. Nilijaribu kuongopa mbele ya kioo nyumbani. Nilishindwa."

"Na ile siku moja? Kwa nini tungoje siku moja?"

Akakaa. "Niliwaza Kinshasa. Eringeti sikuiwaza."

Hakujitetea. Nilitaka ajitetee. Ningekuwa na mtu wa kumtupia. Nikamwambia kwamba mimi niliiwaza, na bado nikanyamaza. Muuguzi akaja kumwita. Mlangoni nikamwambia maneno ya Kavugho. Amesimama kidogo, halafu ameenda kwenye kazi yake.

Jumamosi, tarehe 9

Yule wa suti amerudi. Safari hii ananitaka mimi. Niwe msemaji wa kandida wake kwa akina mama wa Butembo: sauti yangu watu wanaiamini, amesema. Nimemwambia atafute nyingine. Amedhani napandisha bei. Ameacha namba yake kwa direktere.

Mumbere analala kwa rafiki. Hapokei simu yangu. Ya Mama anapokea.

Jumapili, tarehe 10

Misa. Padri amehubiri juu ya ulimi. Mji mzima unahubiri juu ya ulimi wiki hii.

Nje ya kanisa watu wamegawanyika makundi. Kundi moja tayari limehamia kwa kandida wa pili, na vile vitambaa wamevigeuza upande wa ndani. Wengine wanasema hawapigi kura kabisa. Mwaka ule wa Ebola serikali ilitutenga na kura, wanasema, sasa tutajitenga wenyewe. Mwanamke mmoja ameniuliza, wewe wa redio, ulijua mapema? Nikasema nitajibu kesho hewani. Sikuwa nimeamua mpaka nilipojisikia nikisema.

Jumatatu, tarehe 11

Direktere amekataa. Anaogopa watatuchomea studio, na ana watoto saba. Tumebishana mlango umefungwa. Mwishoni amesema: sema kwa jina lako, usitaje redio, na baada ya hapo upumzike mwezi. Nimekubali.

Saa sita na nusu, baada ya vifo, nimesema. Bahasha nilipewa Jumanne saa nne. Nilijua magari yanatoka Jumatano. Nilinyamaza kwa sababu niliombwa, na kwa sababu nimezoea. Mama mmoja amepigwa risasi. Hilo nalibeba mimi, si yule aliyeniandikia. Dakika mbili hazikuisha.

Simu ya kwanza: matusi. Ya pili: matusi. Ya tatu, mwanaume, ameuliza, "Kama ungetoboa siri ya Dokta, kesho nani atakuletea siri yake?" Wa nne amemjibu yeye, hakunijibu mimi: "Siri ya kazi ni ya kazi. Njia ya Eringeti hapana kazi, ni roho za batu." Wameendelea kubishana bila mimi mpaka muda ukaisha. Mara ya kwanza tangu Jumatano hawakumtaja kandida hata mmoja.

Nimekusanya vitu vyangu. Kikombe, sweta, miwani.

Alhamisi, tarehe 14

Kukaa nyumbani ni kazi ngumu. Nimechambua maharage ya mwezi mzima.

Ramazani amepiga simu. Dokta alikwenda Eringeti jana, nyuma ya msafara wa wanajeshi. Ramazani ndiye aliyemwendesha. Dokta alisimama kwenye kiwanja cha shule na kuwaambia mwenyewe kwamba hagombei na kwa nini, na kwamba alipaswa kuja kabla ya kuandika barua yoyote.

"Bamemuzomea, mama. Sana. Akasimama tu. Bakachoka."

"Halafu?"

"Halafu bakamuletea kiti."

Nimemsimulia Mama. Ameuliza ni kiti cha namna gani. Sikuwa nimeuliza.

Jumapili, tarehe 17

Mumbere amekuja baada ya misa. Hakubisha hodi, ameingia kama zamani. Mama amempakulia ugali wa muhogo, mboga ya sombe na samaki, mara mbili ya kawaida. Amekula vyote. Ameeleza kwamba Kavugho anatembea kwa mkongojo na ananung'unikia chakula cha hospitali. Ameeleza kwamba shule imekubali kumrudisha, darasa la tatu, lenye wanafunzi sitini na kelele. Alikuwa anamwambia Mama. Nilikuwa nasikia.

Mama alipokwenda jikoni tumebaki wawili. Ameosha mikono polepole sana kwenye beseni.

"Siku ingine uniambiye," amesema.

"Nitakuambia."

Ameniuliza nitampa nani kura. Nikasema sijui bado. Akasema hata yeye hajui, na kwamba ni ajabu, maana tangu mwezi wa sita alikuwa anajua kila kitu. Kisha ameinua kichwa na kuangalia dari, pale ambapo mvua inapitia, akauliza tangu lini. Nikamwambia tangu mwaka jana.

Amepanda kwenye meza kuangalia karibu. Nimeishika meza.