Fromaji ya Papa Déo

Wivine, uko? Soma yote mbele ya kunijibu. Niko na haya mingi.

Ile Fuso ya Papa Déo yenye inabebaka maharagi. Juma muzima ananiambia: "Archange, freni inapotea ku mushuko wa Mushaki." Mimi nikaipima hapa Sake mu garaji yangu, ku tambarare, freni inasimamisha gari muzuri. Nikamucheka mbele ya bantu: "Papa, iko woga tu."

Woga, Wivine! Muzee muzima namwambia woga!

Leo nikapanda naye. Katikati ya mushuko, pedali ikaingia mpaka chini, bule kabisa! Papa Déo akarudisha vitesi, ile gia, ku ya kwanza, akaegemeza gari ku mulima. Mama mwenye alikuwa nyuma na kuku analia.

Tukangoja magurudumu ipoe. Pedali ikarudia nguvu. Hapo nikajua, nikamwambia Papa: mafuta ya freni iko na maji. Freni ikipata moto, maji inachemuka, pedali inalegea. Ikipoa, unasema gari haina kitu.

Na ile mafuta, njo mimi niliongeza, mbele ya hiyo juma. Ile chupa yangu yenye inabakiaka wazi inje, mu mvua. Unaijua.

Nikamwaga yote, nikatia ya kopo ya mupya yenye ilikuwa mu sanduku yangu ya vyombo, nikatosha hewa. Tukashuka muzuri.

Kufika Sake, Papa Déo akaita bantu: "Huyu mutoto ameniponyesha!" Akanipa fromaji muzima, jibini ya maziwa ya ngombe. Kisha akauliza: "Lakini nani alinitilia maji mu freni?"

Nikasema: "Sijue, Papa."

Sijue, Wivine! Na fromaji nikaipokea na mikono mbili.