Helikopta iliyomlaza baba mkwe topeni

Shadia, uko wapi? Nimekwisha!

Ile helikopta yangu ya remoti, leo hatimaye imetulia hewani usawa wa goti. Nikaanza kujisifu. Mara ikanigeuzia pua, kushoto kwangu kukawa kulia kwake, ikamfuata baba yake Kasimiri wangu, aliyekuja kuniona kabla ya posa!

Shoga, yule ni mwanajeshi mstaafu wa kambi ya ndege za jeshi, Ngerengere. Akafoka, "Lala chini!" Akalala topeni na suti yake. Mama naye akalala. MAMA YANGU!

Nikabaki kusema, "Shikamoo baba."

Akainuka, tope mpaka kwenye masharubu. "Marahaba. Rubani nani?"

"Mimi."

"Lete remoti."

Nikajua anaivunja. Wapi! Anairusha mpaka sasa. Kamwambia mwanawe, "Kasimiri, huyu muoe, na helikopta yake."