Ndege ya Wakwe Wawili

Jumamosi, tarehe 2 Machi

Leo ndege imevuka uzio. Naandika kwa ukamilifu, kama ilivyo desturi yangu, ijapokuwa ningependa kufupisha.

Ilipaa vizuri. Kisha ikaanza kuvuta kushoto, kama mbuzi aliyeona majani. Nikasukuma kijiti cha rimoti kulia — ikanitii nusunusu. Ikapita juu ya uzio, ikatua ndani ya kitalu cha miche na kuchana wavu wa kivuli. Mwenye kitalu, mama ambaye kwa hisani yake tunautumia uwanja ule, alikuja ameibeba kwapani kama kuku aliyekamatwa jikoni. Akatuambia, kwa upole unaotisha, kwamba miche haina miguu ya kukimbilia.

Mwenyekiti wa klabu yetu ya ndege za rimoti, ambaye ni daktari wa meno, alitoa uamuzi papo hapo. Jumamosi ijayo ndege hii ipite mara tatu juu ya mstari wa chokaa bila kupinda, la sivyo isionekane tena uwanjani.

Mkwe wangu alikuwa akifuta udongo bawani kwa leso. Yeye ndiye aliyeijenga kwa mikono yake, ubao kwa ubao. Mimi kazi yangu ni kuirusha. Nilimsindikiza hadi kwake, kwa kuwa ndege hukaa kwake na rimoti hukaa kwangu. Mlangoni akasema, "Upepo tu ule, mkwe."

Nikajibu, "Naam. Upepo."

Hapakuwa na upepo. Hata moshi wa jalalani ulikuwa umesimama wima.

Jumapili, tarehe 3 Machi

Nimetafakari kwa nini jambo hili linanikera kupita kiasi. Si ndege. Ndege ni mbao na gundi.

Mkwe ni baba wa mke wa mwanangu, na ni fundi wa fremu za picha. Tangu mkewe alipofariki, Mungu amrehemu, alifunga duka akakaa kitini. Mke wangu alikwenda kumjulia hali akarudi akisema, "Yule mtu akiendelea hivi, tutamzika akiwa amekaa." Ndipo mwanangu alipotuletea rimoti na mota, ikawa kisingizio. Mkwe akachukua msumeno. Akafungua duka ili apate meza ya kufanyia kazi. Wateja wakaona mlango uko wazi, wakaingia. Siku hizi Jumamosi ananisubiri barazani, amenyoa ndevu.

Ndege ikifukuzwa uwanjani, atarudi kitini. Hilo nalijua kama ninavyolijua jina langu.

Jambo la pili, ambalo sijamwambia mtu. Ndege ile imekuwa ikivuta kushoto tangu siku ya kwanza. Utamwambiaje mkwe wako — na mkwe mwenyewe ni mtu ambaye akiona picha imeinama ukutani kwa watu, chakula hakimpiti — kwamba kitu alichokijenga hakiendi sawa? Haikubaliki. Hivyo kila wiki, wakati yeye anatazama angani, mimi hubonyeza kile kitufe kidogo kilicho chini ya kijiti, kinachousogeza usukani wa mkia kuelekea kulia. Ndege hunyooka. Wiki inayofuata huvuta tena! Nami hubonyeza tena. Jana kitufe kilifika mwisho wake. Rimoti ililia mlio mrefu, ikakataa.

Ndege gani hii isiyokubali kuponywa?

Jumanne, tarehe 5 Machi

Asubuhi wateja watatu pale mezani pangu ninapowaandikia watu maombi, mbele ya ofisi ya ardhi. Mgogoro wa mpaka. Mgogoro wa mpaka. Mjane anayeomba jina lake lirekebishwe. Nimewaandikia wote kwa lugha stahiki. Mjane alisomewa ombi lake akasema, "Kumbe nina haki hivi?" Nilifurahi.

Mchana nikaandika langu: Ombi la Kuongezewa Muda wa Kurekebisha Chombo. Aya nne, hitimisho, saini. Nikalipeleka kliniki mwenyewe.

Mwenyekiti alilisoma akiwa amevaa glavu, mgonjwa yuko kitini kinywa wazi. "Mheshimiwa Ombi," akasema — ndivyo waniitavyo klabuni, nami nimezoea — "barua yako imenyooka kuliko ndege yako. Lakini ndege haisomi barua."

Nikamuuliza basi inasoma nini. Akaniambia niutoe ule ufito wa chuma unaounganisha usukani na servo, yaani kile kimota kidogo kinachousogeza. Nirudishe kitufe kwenye sifuri. Nisukume kijiti kushoto na kuachia. Nisukume kulia na kuachia. Mkono wa servo ukirudi palepale mara zote, servo haina kosa.

"Na kama servo haina kosa?"

"Basi kosa liko kwa watu."

Mgonjwa alicheka, kadiri mtu anavyoweza kucheka akiwa na pamba mdomoni. Muda sikuongezewa.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Mkamwana wetu alipita jioni kumletea mke wangu vitambaa. Nikamuuliza habari za baba yake, kama adabu inavyotaka.

"Hajambo, baba. Yuko na ndege yake. Kila Jumapili akishakunywa chai anaipangusa, halafu anakaa nyuma yake, anafumba jicho moja. Anasema mkia umepinda kulia. Basi anachukua koleo, anazungusha kile kichuma mpaka unyooke. Ameniambia nisikwambie. Anasema wewe ndiye mrushaji, utaona aibu ukijua unairudisha imepinda."

Kalamu iliniponyoka. Mke wangu akauliza kama nimeumwa na mdudu.

Kila Jumamosi mimi naupeleka mkia kulia ili ndege iende sawa. Kila Jumapili yeye anaurudisha ili mkia uonekane sawa. Kwa miezi. Kwa kuheshimiana.

Nimemweleza mke wangu. Amecheka hadi akajifuta machozi kwa vile vitambaa. Kisha akasema, "Sasa nani atamwambia mwenzake?" Akanitazama mimi.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Nimekwenda dukani kwa mkwe. Njiani nilikuwa nimeandaa sentensi: "Mkwe, kwa heshima na taadhima, lipo jambo ambalo kila mmoja wetu amelitenda kwa nia njema." Sentensi nzuri. Nilipofika, ulimi ukaniletea hii: "Nimekuja na rimoti."

Akaitazama rimoti kama mgeni aliyekuja bila hodi. "Leo si Jumamosi."

"Najua. Mkwe, ndege inavuta kushoto. Tangu mwanzo. Nimekuwa nikiubonyeza mkia kulia bila kukwambia."

Akaweka kisu cha kukatia kioo mezani, polepole. Ukutani kulikuwa na bibi harusi wa mtu, askari wa mtu, mtoto wa mtu siku ya kwanza ya shule. Wote wamenyooka, wote wananitazama.

"Kwa hiyo ule mkia uliokuwa unarudi umepinda..."

"Ni mimi."

"Na mimi nikaunyoosha."

"Nimeambiwa."

"Na nani?"

"Binti yako."

"Huyo," akasema mkwe, "hata tumboni alikuwa anasema." Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Sikuwahi kumwona akicheka tangu msiba. "Wewe unapinda, mimi nanyoosha! Tungekuwa vibarua wa mtu tungeshafukuzwa."

Tukaiweka ndege mezani, juu ya zulia, kati ya fremu. Akautoa ufito. Nikawasha rimoti, nikarudisha kitufe kwenye sifuri. Kushoto, achia. Kulia, achia. Mkono wa servo ulirudi palepale, wima kama askari wa ukutani. Servo haina kosa. Nikamweleza maneno ya daktari kuhusu watu. Akasema daktari aendelee na meno.

Ndipo tukaona sababu ya ile nusunusu ya Jumamosi. Servo ina mwisho wake kila upande. Kwa adabu zetu tulikuwa tumeila nafasi yote ya kulia. Nikisukuma kijiti, hapakuwa na pa kwenda. Mkwe akauzungusha ufito, akaupima kwa jicho, akauzungusha tena robo. Sasa mkia umekaa katikati, na unakwenda sawa pande zote mbili. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akaniomba tena — kwa raha tu.

Lakini kwa nini ilivuta kushoto hapo mwanzo, kabla ya yeye na mimi? Nikampigia mwenyekiti. Akasema ndiyo tabia ya propela: ikizunguka kwa nguvu, huipeleka pua kushoto. Dawa yake ni washa mbili, vile visahani vya chuma, chini ya skrubu za upande wa kushoto wa mota, ili pua itazame kulia kidogo. Kidogo tu.

Mkwe akaacha kucheka. "Nipinde pua? Kwa makusudi?"

"Ndivyo asemavyo."

"Maisha yangu yote kazi yangu ni moja, mkwe. Kunyoosha." Akaifunika ndege kwa shuka. "Mkia uko sawa. Mkia sawa unatosha."

Nami nikasema, "Huenda."

Huenda! Neno la mtu anayetafuta kofia aondoke.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Nimeandika maombi manne. Yote yamekwenda. Mke wangu, wakati wa chakula: "Watu wanapanga foleni uwasemee. Mkwe wako humsemei neno moja?" Nikamwambia suala la pua ni nyeti. Akasema mbona la mkia limepita.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Naandika uwanjani, juu ya kifuniko cha sanduku la vifaa. Anga tulivu. Nyasi zimekatwa. Mwenye kitalu amekuja na kiti chake, amekaa mbele ya miche yake kama mlinda mlango.

Mkwe alifika na ndege kwapani, amenyoa. Aliwaonyesha wanachama mkia, mmoja mmoja: "Kushoto — katikati. Kulia — katikati." Alikuwa na haki ya kujivuna, mkia ule haujawahi kukaa vile.

Kisha tukaikimbiza ardhini kwa majaribio. Mkia katikati, kijiti katikati, mota kwa nguvu. Ndege ikaondoka kwenye mstari wa chokaa, taratibu, kuelekea kushoto. Kuelekea kwenye kile kiti.

Mwenyekiti akasema ndege ya mwenzetu iliyo angani ikitua, ni zamu yetu. Nafasi ni moja.

Mkwe akanijia. "Umeonaje?"

Lile "huenda" lilikuwa tayari mdomoni, limevaa na viatu. Nikalimeza. Nikasema, "Mkia umeutengeneza vizuri. Ndege inavuta kushoto. Pua lazima ipinde."

Aliitazama ile pua. Kisha akamgeukia mwenyekiti, si mimi: "Una washa?"

"Ziko mfukoni tangu asubuhi. Nilikuwa nangoja mmoja wenu aombe."

Sasa amepiga magoti. Amelegeza skrubu mbili za kushoto. Ameingiza washa ya kwanza, amelala chini kifudifudi na kufumba jicho moja. Uso wake ni wa mtu anayeng'olewa jino.

"Inanikera," amesema.

"Najua."

"Kila mtu ataona imepinda."

"Ikiwa juu hawataona."

"Mimi nitaona."

"Wewe utaona, mkwe."

Akanyoosha mkono. Nimempa washa ya pili. Ameigeuza kidoleni, akaipuliza vumbi, ameiingiza. Skrubu ya juu imekaza. Ya chini inasumbua, mota inacheza.

Ndege ile iliyo angani imeanza kushuka. Mwenye kitalu amesimama. Mwenyekiti anaita, "Mheshimiwa Ombi!" — na mkwe, bila kuinua kichwa, anamwambia asubiri, kisha ananiambia mimi niache kuandika, nije nishike pua, niishike hivyohivyo ilivyopinda, isirudi.