Mutumbula wa Njia ya Luano

Élisabethville, mwezi wa kumi 1951

Mama yangu mupenzi Madeleine,

Jambo sana, mama. Magoti yako iko namna gani na hizi mvua za kwanza? Na mihogo, nguruwe ya pori haijaimaliza? Huku Kamalondo niko muzima, nguvu iko, mudomo pia iko, unaujua. Barua hii inakuja na rafiki yangu Régine mu treni. Yeye mwenyewe akusomee, mulango ikiwa imefungwa. Katekista anayekusomeaka barua asiiguse!

Ulinitumia neno kali: niache kazi ya jikoni kwa ule muzungu wa njia ya Luano, kwa sababu iko mutumbula, anakamata bantu na kubauza sawa nyama ya soko. Ulisema mutoto wako Kalenga aliliwa mule, na mimi ninaosha sahani yenye damu ya ndugu yangu. Eh, mama! Iliniuma. Lakini kazi siachi. Sikiliza kwanza.

Ule muzungu jina yake Svend, muntu wa Danemark, inchi ndogo ya baridi. Anatengeneza radio za ndege. Hageuzii mulango mugongo, anatembea bila sauti, kelele kidogo tu anaruka. Bantu banaona hayo, banasema: mutumbula! Kumbe mu vita, Bajerumani balipokalia inchi yao, alikuwa espion, mupelelezi wa siri. Alishuka kwa parachute, akatumia Baingereza habari na radio iliyofichwa mu valizi ya nguo. Bakamukamata, bakamung'oa kucha. Hakutaja jina hata moja. Nilimuuliza kama hakuogopa. Alicheka, akasema aliogopa kila siku, ila kuogopa haikatazi muntu kunyamaza.

Sasa Kalenga. Unajua kule kazini alikataa kulala chini apigwe fimbo. Aliinyang'anya mukononi mwa kapita, musimamizi wao, akaivunja na goti. Askari bakamutafuta nyumba kwa nyumba, bamufunge mbali. Kisha bakaacha, kwa sababu Kamalondo nzima ilisema mutumbula amemumeza. Na wewe ukafanya matanga, ukanyoa nywele, ukalia mpaka polisi ya kule kwenu Kongolo ikaandika kwamba amekufa.

Mama, keti chini.

Ile habari ya mutumbula, mimi ndiye niliitoa. Mimi Germaine, pale kwenye bomba ya maji, mikono kiunoni! Kalenga alikuwa juu ya dari ya Svend, anakula bukari yangu, ananenepa. Askari hakuna hata mumoja alithubutu kuingia, na bakubwa yao bazungu baliona haya kupekua muzungu mwenzao. Nilikuacha ulie kwa sababu kilio ya uongo ungeishindwa. Wewe hujui kudanganya hata kuku. Siombi musamaha. Hata leo ningefanya vile vile.

Svend ndiye alinisukuma kuandika. Mama yake alimulilia hivi hivi, akafa mbele vita haijaisha, bila kujua mutoto wake iko muzima. Kucha ziliota tena, alisema, lakini mama hakurudi.

Kalenga alivuka mupaka Jumapili, kule Sakania. Iko Ndola kwa Baingereza, amepata kazi, na anauliza kama ungali unamukasirikia kwa kuvunja ile fimbo.

Basi, mama, nguo nyeusi usiivue. Hujui kudanganya? Sasa utajifunza. Mu misa lia sana, padri akuone. Ukifika nyumbani, funga mulango, chinja kuku, kula mpaka ushibe.

Unisalimie majirani bote, na uso ya huzuni.

Ni mimi mutoto wako mukaidi,
Germaine