Jiwe la Babu Lemuel na Wajane Wawili

Mshauri wetu, tafadhali nijibu kabla ya Jumapili ya mwisho ya Mei, maana ndiyo siku sisi wa ukoo wa Brashear tunapopanda kilimani kusafisha makaburi na kula pamoja, na mwaka huu tunafunua jiwe jipya la Babu Lemuel, mkulima wa kwanza kufyeka msitu kwenye bonde letu hapa Kentucky, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kutafuta historia yake, laiti ningekataa.

Biblia yetu ya ukoo haina ukurasa wa ndoa, na tangu utotoni tumeambiwa mbuzi aliula. Mwezi uliopita nikaagiza Washington faili la Babu, aliyewahi kuwa askari, kwenye kumbukumbu za wajane wa askari walioomba ardhi ya serikali, nikalifungua jikoni, na ukurasa wetu huu hapa, kumbe mkewe, Bibi Permelia mwenyewe, aliuchana akautuma uwe ushahidi wa ndoa, kama wajane wengi walivyofanya. Nikacheka peke yangu. Nikafunua karatasi inayofuata, kicheko kikakatika, maana palikuwa na ukurasa wa Biblia nyingine, wa mwanamke aitwaye Keziah, wa Carolina Kaskazini, aliyeolewa na Lemuel miaka minane kabla ya bibi yetu, ana watoto wanne, na chini ameandika: "Ametoka kwenda kutafuta shamba. Amesema atarudi kutuchukua kabla ya mavuno." Mshauri, nilikaa chini puu! Nikasema labda ni Lemuel mwingine, lakini wanawake wote wawili wameapa kwamba mume wao hakuwa na kidole gumba cha kushoto, kilikatwa na shoka. Keziah akanyimwa ardhi kwa sababu hakuweza kusema mumewe alifia wapi.

Nikaenda kwa Shangazi Opal, ana miaka tisini na mmoja, ndiye atakayefunua jiwe na ndiye aliyechagua maneno yake, "Mume Mwaminifu". Nikamkuta barazani anakata maharage mabichi.

"Shangazi, ikiwa Babu alikuwa na mke mwingine?"

"Nani kakwambia?"

"Karatasi zimesema."

"Karatasi! Mimi nina jiwe, we unaniletea karatasi. Darlene, usinitie aibu uzeeni. Choma hiyo takataka, kisha niletee sufuria."

Nikaleta sufuria. Sasa kuna Twyla, wa uzao wa Keziah, tuliyekutana naye mtandaoni kwa watafuta mababu, kila siku ananiandikia: "Dada, umepata chochote? Sisi tunajua tu kwamba alitoka." Sijamjibu. Nikisema ukweli naogopa nitamuua shangazi, na nikinyamaza sipati usingizi. Je, nichome?

Darlene, niliyechanganyikiwa

MAJIBU

Darlene, usichome kitu! Weka kiberiti mbali. Pole sana, mimi mwenyewe nimeisoma barua yako mara mbili, kahawa yangu imepoa. Mwanamume anaacha mke na watoto wanne, anavuka milima, anaoa tena kana kwamba hakuna kilichotokea, na nyinyi mnamchongea uaminifu kwenye jiwe! Nimeshtuka na nimekasirika.

Lakini na wewe acha kujificha nyuma ya moyo wa shangazi yako. Hebu soma tena ulichoandika. Hakukwambia "mwongo wewe". Alikuuliza "nani kakwambia". Huyo bibi anajua siku nyingi, na hadithi ya mbuzi haikujitunga yenyewe. Ukweli huu hautamuua. Anachoogopa ni majirani.

Kesho asubuhi rudi pale barazani na kurasa zote mbili, na safari hii usitumwe sufuria. Msomee polepole. Bibi Permelia msimtukane, hakuna karatasi inayoonyesha kwamba alijua. Kisha mpigie fundi wa jiwe, aache jina na miaka tu, hayo mengine ayafute. Shangazi akinuna, anune, chakula cha Jumapili atakula.

Na Twyla umemfanyia vibaya, nakwambia wazi. Bibi yake alinyimwa haki kwa sababu hakujua kaburi liliko. Wewe umelifagia kila Mei tangu ukiwa mtoto. Mpigie simu leo, umwelekeze njia ya kupanda.