Swala Haangalii Aliko Mwanawe

Jumatatu, 3 Februari
Kreta tena. Foleni getini tangu alfajiri, chai ya chupa, watalii wanne garini mwangu. Faru hakuna. Simba wamelala. Wageni wamenuna.

Jumanne, 4 Februari
Leo nimefanya ujinga.
Swala tomi jike, peke yake, akitazama kila upande isipokuwa mmoja: kwenye majani marefu. Huko ndiko alikomlaza mtoto. Kila dereva mkongwe anajua. Mtoto hana harufu, hulala kimya, na mama huangalia pembeni ili asimchongee.
Nikamchongea mimi. Nikatangaza redioni, nionekane nina jicho. Yakaja magari tisa. Nyuma ya magari, mbweha wawili.
Mama alikuja kichwa chini, akamtupa mbweha mmoja. Alipomgeukia wa pili, gari likawa limemzibia njia. Gari langu. Nyuma yangu lingine, sikuweza kusogea. Mbweha akaondoka na mtoto.
Mgeni mmoja alilia. Nikamwambia ndiyo asili. Asili gani!

Jumatano, 5 Februari
Paulina kaniuliza mbona sili. Nikasema tumbo. Mke wangu naye nimemdanganya.

Ijumaa, 7 Februari
Wale wageni wameandika kunisifu kwa siku ile ya swala. Jicho kali, eti, na anajua kueleza asili. Bosi kasoma kwa sauti mbele ya wote, kisha akasema Jumatatu niwafundishe madereva wapya kwa kisa hichohicho. Wenzangu wakapiga makofi. Nikasema asante. Naona aibu hata kuandika.

Jumatatu, 10 Februari
Madereva wapya sita, uani ofisini, Karatu. Nilianza vizuri: mbweha hunusa, lakini mtoto wa swala hana harufu na hujibanza majanini. Dada mmoja kutoka kijiji cha Buger akauliza, kama mtoto hana harufu, mbweha walimpataje?
Bosi kasimama mlangoni. 
"Mimi ndiye niliyewaonyesha," nikasema. "Na mama yake alipokuja kumtetea, nilimzibia njia."
Bosi akaingia ndani.

Jumanne, 11 Februari
Nimeondolewa kreta. Naosha magari. Sina kinyongo. Leo nimemwambia Paulina yote. Akanipakulia makande, akakaa nami hadi nikamaliza.

Jumapili, 23 Februari
Nimerudishwa. Wageni wawili, wazee wapole. Karibu na barabara, swala jike peke yake. Anatazama kila upande isipokuwa mmoja.
Mzee akauliza huyu anaangalia nini.
Redio nikaiacha mahali pake. Nikageuza uso upande wa ziwa, nikawaambia kule kuna flamingo. Tukaondoka polepole.