Alama Tisa za Kiti cha Nyuma

Kwako kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na watoto, na kwamba kile kifua chako kinachokusumbua kila mvua zikianza kimetulia. Hapa kwangu uzima upo, kazi inakwenda, na usingizi ninaupata wa kutosha. Ila nisikufiche: naandika nikiwa na hasira. Karatasi mbili nimeshazichana kwa sababu zilianza na maneno makali hata kabla ya salamu. Hii ya tatu nimejitahidi, na ukiona pahala nimeteleza, jua ni pale niliposhindwa kujizuia.

Barua yako niliipata Ijumaa nikiwa kazini. Unasema mama ameingiwa na kiburi cha uzeeni. Unasema umenunua gari ambalo hata mkuu wako wa kazi hana, ili nyonga yake iliyopasuliwa isirushwerushwe njiani, naye akalipanda mara moja tu, akarudi amenuna, na tangu siku hiyo hataki hata kulisogelea. Wiki ya tano hii hajaenda kliniki ya mazoezi. Unasema alikubali kwenda kwa pikapu ya jirani yenu fundi bomba, wewe ukakataa, kwamba watu watasema nini wakimwona mama yako anateremshwa kwenye pikapu iliyojaa mabomba ilhali gari la kifahari liko uani linang'aa. Kisha, kana kwamba hayo hayatoshi, ukamwambia mbele ya wajukuu zake kwamba hana shukrani.

Ebo! Kaka, hivi kweli neno hilo lilitoka kinywani mwako? Mama huyu huyu aliyevaa viatu vyako vya shule ulivyovichoka, vikiwa na tundu kidoleni, miaka miwili mizima, ili wewe uvae vipya? Leo hana shukrani kwa sababu hataki kupanda gari? Nilipofika hapo nilitoka nje ya ofisi nikazunguka jengo zima, maana ningebaki ndani ningemgombeza asiyehusika.

Na kilichonichoma zaidi ni kwamba lile jambo kubwa umeliweka mwisho kabisa, mstari mmoja, baada ya ukurasa mzima wa kulalamika jinsi rangi nyeupe inavyoshika vumbi. Kwamba mtaalamu wa mazoezi ameonya nyonga ikikaa wiki mbili nyingine bila kushughulikiwa itakaza, na mama atatembelea magongo hadi mwisho wa maisha yake. Mambo mengine yote tungeweza kuyacheka, hilo hapana. Wiki mbili, kaka, na moja inaishia barua hii ikiwa njiani.

Halafu ukanigeukia mimi. Ukasema gari lilichaguliwa na mimi, lilikuwa gazetini, picha yangu juu na jina langu chini, na kwamba kila mama akikataa unamsomea tena ule mstari wangu usemao abiria wa nyuma ataketi kama malkia. Haya, kaa basi nikueleze gari hilo lilivyochaguliwa.

Kazi yangu unaijua kwa jina tu. Watu hudhani kujaribu magari ni kutembezwa bure. Siku zile tuliletewa matatu, yote madogo, yote ya kifahari, yote ya bei ya kukata pumzi. La kwanza ndilo hilo lako, jeupe, haibridi, yaani lenye injini ya petroli na betri zinazopokezana. Afisa mauzo alilileta limefunikwa kitambaa cheupe, akakivuta taratibu huku akitutazama kama tumepiga magoti, nasi tukaliita Bibi Harusi papo hapo. La pili jekundu, petroli tupu, tukaliita Bondia. La tatu la kijivu, nalo haibridi, paa liko juu, milango mipana, sura kama kabati la nguo. Hilo tukaliita Babu, na tukalicheka kabla hata halijazimwa injini.

Kwa wiki nzima mimi na mwenzangu tunayemwita Bingwa, aliyewahi kushindana mbio za magari na hajaacha kutukumbusha, tuliyaendesha kwa zamu. Bondia lina nguvu, sikatai. Ukikanyaga mafuta unasukumwa hadi mgongo unagusa kiti. Lakini kwenye matuta meno yanagongana, na linakunywa petroli kama lina kiu ya tangu kuumbwa. Bibi Harusi kwenye foleni ni raha tupu. Injini inajizima, linasogea kwa betri kimya kimya, hadi wapita njia wanashtuka liko karibu yao. Mlimani ndipo linapotoa siri yake: injini inalia kama mashine ya kusaga na mwendo hauongezeki. Na buti limemegwa na betri, ukitia masanduku mawili basi, la tatu ulipakate. Hayo ya mlima na buti niliyaandika yote. Mhariri akayakata, akasema nafasi haitoshi, kumbe nafasi hiyo aliweka picha ya taa za mbele. Picha ya taa! Nikanung'unika siku nzima, nikijiona mimi ndiye mtetezi wa msomaji, na mhariri ndiye mwongo.

Sasa sikiliza. Mwishoni hujazwa fomu yenye maswali arobaini, kila swali alama kumi. Tulipojumlisha, Bondia lilibaki nyuma, na Bibi Harusi likamshinda Babu kwa alama moja tu. Swali lililoamua lilikuwa la kiti cha nyuma. Bibi Harusi nililipa alama tisa. Babu nililipa saba.

Jumamosi, siku moja baada ya barua yako, mama mdogo alinipigia simu. Aliniambia nisiamini hayo ya kiburi, kwamba mama anaumia kwenye kile kiti, na siku ile aliyorudi amenuna alikuwa hajanuna, alikuwa anazuia machozi. Na unajua nilifanya nini, kaka? Nilimfokea. Mama yangu mdogo! Nilimuuliza ni kiti gani hicho anachosema, maana kile mimi nimekipa tisa, na kama yeye siku hizi amekuwa mjuzi wa magari basi aje achukue kazi yangu. Akaniaga kwa upole, akakata simu.

Jumatatu nikaingia kazini nimedhamiria kumwonyesha kwamba amekosea. Bibi Harusi lilikuwa limerudishwa pamoja na Babu kwa ajili ya picha nyingine. Nilimpigia mtaalamu wa mazoezi kwanza, nikamuuliza masharti ya mama. Akasema asiiname mbele, na goti lisipande juu kuliko nyonga. Basi nikakunja blanketi, nikalifunga tumboni kwa mkanda ili nisiweze kuinama, nikatoka uani nimevimba kama mjamzito wa miezi tisa. Mpiga picha aliuliza kama kuna habari njema hatujaambiwa. Nikamwambia acha utani, nifungulie mlango wa nyuma.

Mara ya kwanza niligonga kichwa. Lile paa linaloinama vizuri sana kwenye picha, linaishia hapo hapo anapoingilia mtu. Mara ya pili niligonga tena, pale pale. Mara ya tatu nilijitupa kinyumenyume, nikadondoka kitini kama gunia, maana kiti chenyewe kiko chini ilhali sakafu wameinyanyua kwa ajili ya betri. Magoti yangu, mimi ambaye mnaniita mfupi tangu utotoni, yalikuwa juu ya kiuno. Kutoka ndiyo balaa. Mpiga picha alinivuta kwa mikono miwili, akiwa hacheki tena. Na mimi nyonga zangu zote mbili ni nzima, kaka. Ya mama moja ina chuma.

Kisha nikaenda kwa Babu, tulilolicheka. Niliingia na blanketi langu tumboni kama ninavyoingia chumbani kwangu.

Nikabaki nimekaa mle ndani muda mrefu. Na sasa nakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu, wala Bingwa, wala mhariri. Ile siku ya uani ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kukaa kiti cha nyuma cha Bibi Harusi. Sikuwahi. Wiki nzima ya majaribio sikuwahi, si hilo tu, hata hayo mengine. Kazini kwetu mwenye ufunguo hakai nyuma. Anayekaa nyuma tunamwita mzigo, na mimi, mwanamke pekee pale, nilipigania miaka sita nisiitwe mzigo. Nilipofika kwenye swali lile nilikuwa nimeshika usukani, nikageuza shingo, nikaona ngozi laini ya rangi ya maziwa na mahali pa kuegemeza mkono, nikaandika tisa. Babu lilikuwa na vitambaa vya kawaida, nikaandika saba. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi nimekisifia taifa zima la wasomaji bila kukikalia. Yule mhariri niliyemwita mwongo alikata maneno yangu ya kweli, lakini uongo wenyewe niliutunga mimi, na hakuna aliyenishika mkono.

Nilimwendea mhariri nikamwambia lazima tuandike masahihisho. Akaniambia nisijisumbue, wanunuzi wa magari yale hukaa mbele, mambo ya wagonjwa wa nyonga hayawahusu. Nilipandwa na mori nikataka kumjibu vibaya, kisha nikajizuia, kwa kuwa alichokisema kwa mdomo ndicho nilichokifanya kwa kalamu. Tulibishana hadi akanipa mistari minne. Nimeiandika, na jina langu liko chini yake kama lilivyokuwa kwenye sifa.

Jioni ile nilimpigia mama mdogo kumwomba radhi. Nikamuuliza kwa nini mama hakusema tu kwamba anaumia, neno moja, yakaisha. Akasema alishamuuliza hilo. Mama alimjibu kwamba lile gazeti ulimpelekea wewe mwenyewe, akaukata ule ukurasa wenye picha yangu, akaubandika ukutani juu ya kitanda chake, na kila anayekuja kumjulia hali huonyeshwa. Akasema akitamka kwamba kiti kinamuumiza, atakuwa amemwita binti yake mwongo mbele ya watu. Kwamba ni afadhali aitwe yeye mwenye kiburi.

Kaka, nililia hadi jirani akagonga mlango. Wiki tano ananyamaza, wewe unamsomea maneno yangu kama hukumu, naye anaona mguu wake unakaza, ananilinda mimi.

Kwa hiyo nakuomba, na katika hili sikuombi kama mdogo wako. Jumatano ya kwanza baada ya kuipata barua hii, mama aende kliniki. Kama atapenda pikapu ya fundi bomba, apande pikapu, kiti chake kiko juu, na anayetaka kusema aseme hadi achoke. Kama atapenda gari lako, akae mbele. Nimejaribu na blanketi langu: rudisha kiti nyuma hadi mwisho, kipandishe kwa kile kitufe cha ubavuni, weka mto mgumu, atangulize makalio kwanza ndipo miguu ifuate pamoja. Usimharakishe. Mimi nimeomba ruhusa, nitafika Ijumaa ya wiki hiyo hiyo, na hata kama bado utakuwa unalipenda hilo gari, tutazungumza namna ya kulibadilisha na lile la kijivu lenye sura ya kabati.

Kabla ya yote hayo, ingia chumbani kwake ukamsomee barua hii. Yote, usiruke aya yoyote, hata zile zinazokutukana wewe, na hasa ile inayonivua nguo mimi. Ukimaliza usimwombe aseme ametusamehe, maana atasema haraka mno. Muulize tu panapomuuma ni wapi, kisha unyamaze umsikilize.

Msalimie sana wifi, na watoto uwaambie shangazi yao anakuja. Mama mbusu mkono kwa niaba yangu, na usibandue chochote ukutani kwake. Nitakuja nikibandue mwenyewe, yeye akinitazama.

Wako katika damu moja na kosa moja,

Mdogo wako.